Barua ya wazi kwa mawaziri wa ulinzi waliozitoa nchi zao kwenye Mkataba wa Ottawa

Kwa: Waheshimiwa Mawaziri wa Ulinzi wa Estonia, Latvia, Lithuania, Finland na Poland

Nakala: Serikali zote zilizobaki ndani ya Mkataba

YAH: MABOMU YA ARDHINI YANAYOLENGA BINADAMU

Waheshimiwa,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Hii ni barua yangu ya nne juu ya Mkataba wa Ottawa, ule unaoyapiga marufuku mabomu haya. Tatu za kwanza nilizipeleka kimya kimya, ndani ya bahasha, kwenye ofisi ambazo sitazitaja, kwa kuwa aliyepokea bahasha siye aliyefanya uamuzi. Moja tu ndiyo iliyojibiwa, kwa aya moja: wanashukuru kwa maoni yangu, wanaelewa uzito wa suala, wataendelea kuheshimu sheria za kimataifa za kibinadamu. Niliisoma aya ile mara kadhaa nikitafuta pale ilipojibu hata swali moja kati ya niliyouliza. Sikupaona. Kwa hiyo leo nasema mbele ya watu.

Mtauliza mwandishi ni nani. Nilitegua mabomu Msumbiji. Sikuwa ofisa wa jeshi wala mwanasheria. Nilikuwa mtu wa kupiga magoti na kuchokonoa udongo. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ninayofikiria. Wakalimani mnao.

Sitaanza kwa kuwaita wabaya. Nchi zenu zote tano zinapakana na Urusi. Februari 2022 Urusi iliingia Ukraine kwa jeshi zima, nayo haijawahi kujiunga na Mkataba huu, na imetega mabomu katika mashamba na misitu ya Ukraine bila kujizuia. Hofu yenu ina sababu, na anayewahubiria bila kuanzia hapo anawavunjia heshima.

Lakini Machi 18, 2025, wanne kati yenu mlitoa tamko la pamoja la kupendekeza kujitoa, na wiki mbili baadaye Finland ikafuata. Notisi za miezi sita zimeshatimia. Mlisema mnatuma ujumbe kwamba mko tayari kutumia kila njia inayohitajika kulinda ardhi yenu. Nina mambo matano ya kusema juu ya njia hiyo mliyoichagua.

1. Mmeahidi jambo lisilo mikononi mwenu

Mnasema mabomu yenu yatategwa kistaarabu. Yatachorwa kwenye ramani, yatazungushiwa uzio na alama, yatatolewa vita vikiisha. Naamini mnasema kwa moyo safi. Tatizo ni kwamba bomu la mpakani lina siku moja tu ya kazi, siku adui anapofika. Siku hiyo ardhi ile si yenu tena. Ama imetwaliwa, ama inapigwa mizinga kutoka pande zote mbili. Uzio umelala chini, vibao vimeungua, na sajini aliyechora ramani amekufa au ametekwa. Siku hiyo isipofika kamwe, bomu halikuwa na kazi. Ikifika, ahadi yenu inakufa saa ileile ambayo bomu linaanza kazi. Sasa niambieni, kati ya hali hizo mbili, uangalifu wenu unamlinda nani?

Niliwahi kuonyeshwa ramani ya aina hiyo. Ilichorwa kwa wino na mtu aliyeijua kazi yake: safu za mabomu, hatua kati ya moja na jingine, na mahali pa kuanzia kuhesabu. Mahali hapo palikuwa mti mmoja mkubwa. Mti haukuwepo. Ulishakatwa na kuchomwa mkaa miaka mingi kabla hatujafika. Mzee mmoja alikubali kutuelekeza, akasema mti ulikuwa "hapahapa", na mkono wake ukazunguka ukaonyesha eneo ambalo kikosi chetu kingelipekua kwa miezi. Hakuwa anatudanganya. Ndivyo anavyokumbuka mtu aliyetumia miaka yote hiyo akijifunza kutopita hapo.

Labda hamjui kazi yenyewe inavyokwenda, kwa kuwa wanaotia saini huwa hawaalikwi. Unapewa mstari wa upana wa mita moja. Unakata nyasi kwa mkasi, kidogo kidogo, ukitangulia kupapasa kama kuna waya. Unapitisha kigunduzi cha chuma. Kikilia, unalala chini na kuchokonoa udongo kwa ubapa, ili ncha yako iguse ubavu wa bomu na si kichwa chake. Mara nyingi sana ni msumari, au ganda la risasi, au kifuniko cha soda, na huruhusiwi kukasirika wala kuharakisha, kwa sababu mlio wa kifuniko cha soda na mlio wa bomu la plastiki lenye chembe ya chuma ni ndugu wa tumbo moja. Siku nzima ya kazi njema, penye vichaka, inakupa eneo la ukubwa wa sebule.

Kuna msaidizi ambaye sisi wengine tunamwonea fahari: panya buku wanaofunzwa Morogoro kunusa baruti. Ni wepesi kiasi kwamba wakipita juu ya bomu halilipuki, na hawahangaishwi na misumari. Mmoja wao, Magawa, aliyefanya kazi Kambodia, alipewa nishani ya dhahabu mwaka 2020. Nawapenda panya wale kuliko maofisa kadhaa niliowahi kufanya nao kazi. Lakini panya naye huenda mstari kwa mstari, amefungwa kamba. Hajapatikana mtu wala mnyama wala mashine anayelisafisha shamba kwa kasi ambayo askari hulichafua.

Msumbiji ilipata amani mwaka 1992 na ikatangazwa kuwa haina tena mabomu yanayojulikana Septemba 2015. Miaka 23. Mkisema Afrika ni Afrika, basi tazameni Visiwa vya Falkland. Vita vya siku 74 kati ya Uingereza na Argentina mwaka 1982, majeshi ya kawaida yenye maofisa na karatasi, watu wachache, serikali tajiri, na hakuna aliyerudi kupigana tena. Visiwa vilimaliza kusafishwa Novemba 2020. Hesabuni wenyewe.

2. Mmeelezwa kwamba ni silaha muhimu. Nani alipima?

Mwaka 1996 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitoa utafiti ulioandaliwa na mtu wa jeshi, si na watu wa misaada. Ulichambua vita 26 tangu mwaka 1940. Haukuona ushahidi kwamba mabomu haya yaliamua nani ashinde. Aprili mwaka huohuo, majenerali wastaafu 15 wa Marekani, akiwemo Norman Schwarzkopf aliyeongoza vita vya Ghuba dhidi ya Iraq mwaka 1991, walimwandikia Rais Clinton barua ya wazi wakiunga mkono kuyapiga marufuku. Hao si watu wa kubeba mabango.

Mfano ninaourudia kwa kila anayenisikiliza ni wa Waaustralia huko Vietnam. Mwaka 1967 walitega mkanda wa kilomita 11 kutoka Dat Do hadi baharini, mabomu zaidi ya 20,000 ya M16, yale yanayoruka juu kabla ya kupasuka. Lengo lilikuwa kuwatenga wapiganaji na vijiji. Ukuta wa mabomu unahitaji macho ya kuulinda, na macho hayakutosha. Wapiganaji hao, Viet Cong, walijifunza kuyang'oa, wengine wakifa katika kujifunza, wakayachukua kwa maelfu, wakayatega tena kwenye njia walizopita Waaustralia wenyewe. Kwa maneno ya sokoni, jeshi lile lilimfungulia adui ghala bila malipo. Baadaye Waaustralia hao hao walilazimika kuuondoa mkanda wao.

Rhodesia, ndiyo Zimbabwe ya leo, nayo ilitega mikanda mipakani miaka ya 1970. Wapiganaji waliendelea kuvuka, serikali ile ikaanguka, na zaidi ya miaka 40 baada ya uhuru wa 1980 wateguaji wa Zimbabwe walikuwa bado wamepiga magoti kwenye mstari uleule.

Najua mtakachonijibu: Ukraine, majira ya joto ya 2023. Mashambulizi ya Ukraine upande wa kusini yalikwama kwenye mabomu ya Warusi. Ni kweli, na hapa ndipo hoja yenu ina nguvu, sitajifanya sikuiona. Ila angalieni kilichosimamisha nini. Magari ya deraya yalisimamishwa na mabomu ya kuzuia magari, ambayo Mkataba wa Ottawa haujawahi kuyakataza. Mngeweza kuyatega mamilioni mkiwa bado wanachama. Juu yake kulikuwa na mahandaki, mizinga, helikopta na droni zilizoona kila kitu. Mabomu ya kulenga mtu yalichangia, ndiyo, hasa kwa kuwakata miguu wahandisi waliotumwa kwa miguu kufungua njia. Swali ni lile lililokwepwa na aya moja niliyojibiwa: ukiyaondoa hayo peke yake, ukabaki na mengine yote, mstari ule ungevunjika? Kama mnao uchambuzi unaosema ungevunjika, sijauona, wala sijaona wananchi wenu wakionyeshwa.

3. "Ya kisasa yanajizima yenyewe"

Nimesikia pia kwamba mtatumia mabomu yenye akili, yanayojilipua au kufa baada ya muda. Hili silipingi kabisa. Bomu linalokufa ni afadhali kuliko lisilokufa. Lakini someni sheria inayoyaruhusu. Itifaki ya Pili ya mkataba mwingine, ule wa Umoja wa Mataifa juu ya silaha za kawaida, iliyorekebishwa mwaka 1996, inakubali hadi asilimia 10 yasijilipue ndani ya siku 30, na inadai kwamba baada ya siku 120 lisibaki zima zaidi ya moja katika elfu. Kwenye karatasi ni namba ndogo. Anayepiga magoti hapewi asilimia. Anapewa shamba lenye vyuma, na kila chuma analazimika kukifikiria kuwa ndiyo ile moja. Kazi yake haipungui hata kwa saa moja, na mwenye shamba haruhusiwi kulima hadi kazi hiyo iishe.

Marekani iliyajaribu katika vita halisi. Mwaka 1991, katika Ghuba, majeshi yake yalimwaga zaidi ya mabomu 117,000 ya namna hiyo, ya kuzuia magari na ya kulenga watu. Mwaka 2002 wakaguzi wa Bunge lao waliandika kwamba majeshi hayakuwa na ushahidi wa madhara ambayo mabomu hayo yalimletea adui. Walichokikuta ni makamanda waliosita kuyatumia, kwa kuhofia askari wao wenyewe.

4. Mguu

Hapa nitasema kidogo, kwa kuwa nimechoka kuhadithia damu kwa watu wanaoitikia kwa kichwa.

Bomu kama PMN la Kisovieti linapolipuka chini ya kisigino, halikati mguu kama shoka. Linasukuma udongo, nyasi, vipande vya kiatu na vya mfupa juu, ndani ya nyama. Daktari anakata mbali na palipolipuka, kwa sababu pasipoonekana jeraha ndipo uchafu ulipoingia. Mtoto akiwa bado anakua, mfupa huendelea kurefuka ndani ya kigutu, akarudishwa kukatwa tena. Mguu wake wa bandia unahitaji kubadilishwa karibu kila miezi sita. Wa mtu mzima kila miaka mitatu hadi mitano. Zidisheni kwa maisha yaliyobaki.

Mwaka 2023 watu wasiopungua 5,757 waliuawa au kujeruhiwa duniani na mabomu ya ardhini na masalia ya vita. Katika wale ambao hali yao ilijulikana, asilimia 84 walikuwa raia. Mtasema hao hawakuwa kwenye mabomu yaliyotegwa kistaarabu. Rudini namba moja.

5. Mkataba uliandikwa kwa ajili ya siku kama hizi

Kisheria hamkukosea. Kifungu cha 20 kinairuhusu nchi kujitoa kwa notisi ya miezi sita. Kifungu hichohicho, hata hivyo, kinasema kama nchi iko vitani notisi inapotimia, haitoki hadi vita viishe. Walioandika waliwaza hofu. Walijua kwamba hakuna anayeyatamani mabomu siku ya harusi. Huyatamani siku anaposikia vishindo kwa jirani, wakaweka kizuizi mahali hapo. Ninyi mmepita kabla ya kizuizi kushuka. Mna haki hiyo. Ila msiseme mambo yamebadilika kiasi ambacho Mkataba haukukitarajia, maana ndicho hasa ulichokitarajia.

Finland na Poland zilijiunga mwaka 2012, tena baada ya kufikiri kwa muda mrefu. Finland ikateketeza zaidi ya milioni moja. Mpaka wake na Urusi ulikuwa wa zaidi ya kilomita 1,300 mwaka ule pia, na Georgia ilikuwa imeshavamiwa miaka minne nyuma. Kama hoja ya jirani mbaya ilikuwa dhaifu siku ile, nani ameipa nguvu leo isipokuwa hofu? Norway inapakana na Urusi ileile na imeamua kubaki. Sijasikia kwamba Norway imekata tamaa ya kujilinda.

Linalonikosesha usingizi zaidi liko mbali na mipaka yenu. Tangu Desemba 1997, serikali 122 zilipotia saini Ottawa, nchi wanachama zimeteketeza zaidi ya mabomu milioni 55. Hata wasio wanachama wengi waliona aibu kuyatumia hadharani. Aibu hiyo ndiyo ililinda watu, kuliko karatasi. Sasa kamanda yeyote wa kikundi chochote, akiulizwa kwa nini ametega njia ya kisimani, ana jibu jipya: hata wale matajiri wa Ulaya, wenye ndege na washirika na bajeti, wamesema hawawezi kujilinda bila hayo. Mimi nitamjibu nini? Nisaidieni, kwa kuwa nyinyi ndio mliomwandikia jibu.

Kabla sijasema ninachoomba, nitataja udhuru mmoja ulionifikia kwa mdomo, kwamba mabomu yatakaa ghalani tu, ni ya kutisha. Jeshi linalotuma askari wake wimbi baada ya wimbi kwa ajili ya kijiji kimoja halitishwi na kitu kinachokata mguu mmoja mmoja. Na ghala hushawishi. Ofisa mwenye mabomu ghalani na adui kilimani hatakuja kuniuliza mimi.

Ninayoomba ni haya:

(a) Wekeni wazi uchambuzi wa kijeshi uliotangulia uamuzi wenu, angalau sehemu isiyo siri, ili tuone kazi gani inafanywa na bomu la kulenga binadamu ambayo bomu la kuzuia magari, mizinga na bomu linalofyatuliwa na askari anayeona haviwezi kuifanya. Hilo la mwisho Mkataba unaliruhusu.

(b) Pitisheni sheria bungeni, si tamko la waziri, kwamba hakuna bomu litakalotegwa wakati wa amani, na kwamba hamtauza wala kumpa mtu mwingine hata moja.

(c) Endeleeni kutoa kila mwaka hesabu za mabomu mliyonayo, kama Kifungu cha 7 kilivyowataka mlipokuwa wanachama. Hakuna anayewakataza kufanya hivyo mkiwa nje.

(d) Kiasi kilekile mtakachotumia kutengeneza au kununua, kitengeni leo kwa ajili ya kutegua na kwa ajili ya miguu ya bandia. Kitengwe kabla, kwa sababu baada ya vita fedha huwa za barabara na umeme.

(e) Wekeni tarehe ya kuutazama upya uamuzi huu. Mlango wa kurudi haujafungwa.

Kwa serikali zilizobaki ndani, zaidi ya 160, nina neno fupi. Mwaka 2004 mlikutana Nairobi, katika mkutano mkuu wa kwanza wa kuutathmini Mkataba, mkaahidi ulimwengu usio na mabomu haya. Zilipokuja notisi tano, wengi wenu mlisema mnasikitika, na wengine hamkusema hata hilo. Wekeni pingamizi lenu kwa maandishi, kila nchi kwa jina lake. Na Ukraine, ambayo ni mwanachama aliye vitani na imetangaza inausimamisha Mkataba, iambiwe kirafiki lakini waziwazi kwamba Mkataba hauna kifungu cha kusimamishwa. Isaidiwe kujilinda kwa vitu vingine, tena haraka.

Waheshimiwa, sihitaji tena barua ya shukrani. Nimeyapanga malalamiko yangu kwa namba kusudi. Nijibuni kwa namba: la kwanza kwa la kwanza, la pili kwa la pili. Mkishindwa yote, nijibuni la kwanza tu.

Wenu mtiifu,

Mtegua mabomu mstaafu